Michezo ya watoto Jumamosi, na mazungumzo ya kazini

Kutoka: Mama wa Woodridge

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mwanangu wa darasa la nne amekuja na karatasi ya shule, anataka kuandikishwa raga. Ada si ndogo, mazoezi ni jioni, na mechi ni Jumamosi asubuhi, saa ambayo mimi ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Kazini nako, wakati wa chai wenzangu wanaongea mechi tu, mimi nabaki na kikombe changu. Mliotangulia kufika huku Queensland, Australia, mmefanyaje? Nimwandikishe au asubiri kwanza tuzoee?

Kutoka: Kaka wa Ipswich

Marahaba dada, na pole na zamu.

Mwandikishe. Habari ya pesa nitaifikia, lakini kwanza nikwambie kwa nini, maana kwa ninavyoona, la mtoto na la kazini ni swali moja.

Huku mtaa hauna baraza. Unaweza kumaliza mwaka hujamjua jirani ila kwa gari lake. Watu wanapokaa pamoja na kuulizana habari ni pembeni mwa uwanja Jumamosi asubuhi, kila mmoja na kiti chake cha kukunja. Fundi gari ninayemwamini nilimpata pale. Mke wangu alisikia pale pale kwamba jiko la shule linatafuta mtu. Hatukwenda kutafuta kazi wala fundi, tulikwenda kumtazama mtoto.

Na usidhani unaingia mikono mitupu. Mzee mmoja pale uwanjani, aliposikia mimi ni wa Kigoma, hakuniuliza habari za simba. Aliniuliza kama namjua Ikangaa, mkimbiaji wetu. Akaanza kunisimulia Oktoba 1982, Michezo ya Jumuiya ya Madola hapa Brisbane, marathoni iliyoanza alfajiri kukwepa joto. Watanzania Juma Ikangaa na Gidamis Shahanga wakachomoka mapema na kuwaacha wenzao mbali. Shahanga alikuwa tayari na dhahabu ya mita 10,000 ya michezo ile ile! Nyuma yao alikuwa Rob de Castella, Mwaustralia, anakula pengo kidogo kidogo. Akampita Shahanga, akamfikia Ikangaa, watu wakadhani yamekwisha. Ikangaa akagoma. Akipitwa, anampita tena, wakapokezana uongozi hivyo katika kilomita za mwisho. De Castella alimaliza kwa saa 2:09:18, Ikangaa 2:09:30. Sekunde 12 tu baada ya kilomita 42! Mzee yule alikuwa kijana kando ya barabara siku hiyo, na anasema hadi leo hajaona mbio kama zile.

Dada, mimi nilizaliwa baada ya mbio hizo, na nyumbani hakuna aliyewahi kunisimulia. Imebidi nizisikie Queensland. Tangu hapo watoto wangu wanazijua, na mwalimu wa michezo alipowauliza wametoka wapi walikuwa na la kujibu. Mweleze na wako, hata kama nyumbani kwenu si Tanzania. Lugha ni yetu sote.

Waliopita Kakuma, kambi ya wakimbizi ya Kenya, nao wana vyao. Awer Mabil alizaliwa kambini Kakuma, akakulia Adelaide, na Juni 2022 alifunga moja ya penalti zilizoitoa Peru na kuipeleka Australia Kombe la Dunia. Aliir Aliir wa futiboli ya Kiaustralia naye ni mzaliwa wa Kakuma. Na hapa kwetu Ipswich yupo Gout Gout, wazazi wake ni wa Sudan Kusini. Desemba 2024 alikimbia mita 200 kwa sekunde 20.04 na kuifuta rekodi ya taifa ya Peter Norman iliyokaa tangu Olimpiki ya Mexico 1968. Siku ile simu yangu haikutulia.

Kwa kazini, anzia State of Origin. Ni raga ya ligi (rugby league), Queensland na New South Wales, ilianza 1980, na sasa ni mechi tatu kwa mwaka. Sisi ni jezi ya damu ya mzee, wao buluu. Mchezaji analichezea jimbo alikoanzia mpira, si klabu inayomlipa, kwa hiyo waliokuwa timu moja Jumapili wanaumana Jumatano. Sheria utazijua taratibu. Asubuhi yake waulize tu wenzako waliionaje, halafu kaa usikilize. Watakueleza mpaka chai ipoe, na kesho yake watakuita kwa jina.

Sasa pesa. Serikali ya Queensland imekuwa ikitoa vocha za ada ya michezo ya watoto. Zinatoka kwa awamu na zinawahiwa, na lazima klabu iwe kwenye mpango huo, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Ukibanwa, mwombe katibu wa klabu ulipe kidogo kidogo, wengi wanakubali. Viatu nunua mitumba, mwezi wa tatu vinajaa. Kinga ya meno nunua mpya: unaitumbukiza kwenye maji ya moto, mtoto anaiuma ikingali laini mpaka ishike umbo la meno yake. Usimwache acheze bila hiyo.

Jambo ambalo sitaki mzazi yeyote alichukulie kirahisi ni kichwa. Mtoto akigongwa kichwa na ikashukiwa mtikisiko wa ubongo, anatolewa, harudi siku hiyo hata akisema yuko sawa. Mwongozo wa taifa unataka zipite angalau siku 21 kabla ya kurudi kwenye mechi za kugongana. Kocha akikuharakisha, kataa.

Na klabu itakuomba zamu ya kuchoma soseji au kuuza maji. Ipokee. Kiingereza changu kilikua pale, kwenye vitunguu na mkate, kuliko darasani. Ukitaka kufundisha timu, uliza klabu kama utahitaji Blue Card, kibali cha Queensland cha kufanya kazi na watoto, na kwa wanaojitolea ni bure.

Kutoka: Dada wa Toowoomba

Nakubaliana na kaka, ila Jumamosi si ya kila mtu. Sisi ni Wasabato. Tuliandika barua kwa klabu kabla msimu haujaanza, wakatuelewa vizuri, binti zangu sasa wanacheza netiboli katikati ya wiki. Ongea mapema, usingoje timu ipangwe. Waislamu nao waulize soseji inachomwa wapi. Kwetu walitenga jiko la halali baada ya mama mmoja tu kusema.

Halafu mama mwenzangu, ukitoka zamu ya usiku usiendeshe gari na usingizi. Kaka, nyie si mnapita karibu na Woodridge? Mtoto akiandikishwa, wenye nafasi kwenye gari Jumamosi waandike hapa hapa, waseme na saa wanayotoka.