"Kwani picha ulikuwa unazitaka?"

Wakuu, naandikia kwenye daladala la Mbagala, kasimu ka kuazima kwa shemeji, mikono inatetemeka. Herufi zikiruka mnivumilie.

Yule fundi simu wa Kariakoo mnamjua. Yule yule wa mwavuli, mwenye spika inayopiga singeli mpaka vioo vya wateja vinapasuka vyenyewe. Jina sitaji.

Jana usiku nimeweka moduli ya fonti (nyongeza ya kubadili mwandiko) kwenye Magisk, ile programu ya kuruti simu, yaani kuifungulia mamlaka yote ya mfumo, nikarestati. Logo, giza, logo, giza, mpaka adhana ya alfajiri. Nikampelekea na flashi mkononi, nikamwambia kwa Kiswahili cha darasa la pili: "Kaka, boot.img, lile faili la kuwashia simu, ya toleo hili hili hii hapa. Ingia fastboot, ile modi ya kubandika mafaili kwa kompyuta, ibandike, ruti itatoka, simu itawaka. Data usiguse." Akanijibu, "Hamna shida bosi, kanywe chai."

Chapati sijamaliza, nimerudi, simu inaniuliza nichague lugha. Kama vile ndiyo tunafahamiana leo!

Namwangalia. Kashika muhogo wa kukaanga, pilipili imemganda kidevuni, ananiuliza: "Kwani picha ulikuwa unazitaka?"

Mwanangu yumo mule tangu anatambaa. Hata pole hakuna. Muhogo, kidevu, "kwani picha ulikuwa unazitaka". Foleni nzima ikacheka. Na elfu kumi na tano yake kaichukua, eti nimempunja.

#2: Pole mkuu. Ila kwani picha ulikuwa unazitaka?

#3: Ulipofungua kufuli la butiloda (kianzisha mfumo) ili uruti, simu si ilijifuta yote, ukaona sawa? Leo kafuta fundi unatujazia jukwaa. Bakapu uliachia nani?

#4: Ungeshikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati inawaka, ikaingia sefu modi (kuwaka bila nyongeza), Magisk ingezima moduli zote, ungeitoa mwenyewe hiyo fonti umekaa kitandani. Kariakoo ulifuata nini?

#5 (mleta uzi): SASA HIVI NDIYO MNANIAMBIA? Muhogo mdomoni jamani. Muhogo!

#6: Afadhali yako. Huyo huyo kanibadilishia kioo, nikigusa herufi hii inaandika ya jirani yake. Mama mkwe hapokei simu zangu tangu nimtumie salamu ya Idi.

#7: Wa simu wana nafuu, wa friji je? Wangu kaja Tabata, kafungua nyuma, kaondoka na mota, "narudi na spea". Nyanya naziweka kwenye ndoo ya maji kama enzi za bibi.

#8: Mota gani hiyo, si useme kompresa.

#9: Fundi cherehani wa Sinza kanikabidhi gauni la sendofu siku ya harusi yenyewe. Tena halikuwa langu.

#10: Mleta uzi, tuache utani. Huo muhogo anauza nani? Ninaoupata huku siku hizi una mizizi.

#11: Mtaa wa Kongo, asubuhi. Saa nne ukifika umebaki wa chini ya karai.

#12: Na kachumbari anaweka?