Nataka kumfundisha mwanangu nyumbani, naombeni ratiba

Mama Wawili: Habari za jioni wakuu. Nina kijana wa miaka 10, anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Morogoro. Gari la shule linampitia saa kumi na moja alfajiri, kurudi ni saa kumi na mbili jioni, na kazi za nyumbani anazifanya huku anasinzia. Sasa wanataka alale kambi. Kula mezani pamoja tumeshasahau. Mwezi ujao namtoa, nimfundishe mwenyewe. Naombeni ratiba na vitabu. Msinitukane.

Chaki Nyeupe: Vitabu vya kiada utavisoma bure kwenye maktaba mtandao ya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania. Ratiba ya shule usiinakili. Kipindi cha dakika 40 kimepangwa kwa darasa zima. Mtoto mmoja dakika 25 zinamtosha, vipindi vinne asubuhi. Anza na Hisabati. Kugawanya kukimshinda, rudi kwenye jedwali la kuzidisha, tatizo huwa huko. Mpe visoda 48 atenge mafungu 6, kisha aandike 6 × 8. Imla maneno 10: matano mapya, matano aliyokosea jana. Majaribio asahihishe mtu mwingine, maana mama humdokeza mtoto jibu bila kujijua halafu anampa vema.

Ngosha wa Stendi: Na kugombania foleni ya uji atajifunzia wapi? Huyu akikua ataogopa hata kupanda daladala.

Mthibiti Mstaafu: Yuko darasa la ngapi? Na namba yake ya PReM, ule mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, umeifanyaje?

Mama Wawili: La nne. Namba si iko shuleni? Mimi nimeuliza ratiba tu.

Mthibiti Mstaafu: Dada, ratiba ndiyo kitu chepesi kuliko vyote hapo. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne mtoto anasajiliwa kupitia shule, na usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani. Nyumbani kwako si kituo cha mtihani. Mlango wa mtahiniwa wa kujitegemea uko mbele kabisa, kwenye Mtihani wa Maarifa (ule wa kupata sifa ya kufanya cha nne) na kidato cha nne. Tena Sheria ya Elimu, Sura 353, inataka mtoto wa msingi aandikishwe na ahudhurie. Amehamishwa rasmi au ameacha tu kwenda?

Mama Wawili: Hajahamishwa. Haendi tangu Aprili. Shuleni nilisema anaumwa. Ila jamani kabadilika, anacheka, amenenepa! Niliyafikiria sana haya.

Bi Mkubwa Kihonda: Dunia hii ya sasa, mtoto anacheka basi mama anaona kafaulu. Baba yake anasemaje?

Mama Wawili: Yuko Muscat kikazi. Sijamwambia bado. Ada ya muhula aliyotuma nimemlipa mwalimu wa tuisheni, kwa hiyo imetumika kwenye elimu ile ile.

Ngosha wa Stendi: Haya, sasa tumefika.

Mpenda Ukweli: Hii chai. Juu umeandika "mwezi ujao namtoa", chini "haendi tangu Aprili". Na kambi ya darasa la nne ipi, wakati Waraka wa 2023 umekataza bweni chini ya la tano? Mtunzi amejisahau.

Chaki Nyeupe: Mkuu, waraka upo na kambi zipo. Wanaziita "masomo ya ziada".

Mama Wawili: Niliandika vile kwa sababu nilijua mtanihukumu. Mnaona sasa?

Mthibiti Mstaafu: Iwe chai au isiwe, kuna wengine wanasoma. Kambi ungeikataa kwa barua moja yenye nakala kwa Afisa Elimu Kata, mtoto akabaki kutwa. Sasa nenda kwa mwalimu mkuu, uliza mambo mawili: kama jina limo kwenye orodha ya watahiniwa, na kama deni litazuia uhamisho. Uhamisho unapita kwenye PReM, shule ya zamani imwachie na mpya impokee. Ukimpeleka ya serikali hakuna ada, ila mtihani ni wa Kiswahili. Mtoto aliyezoea LCM ataikuta KDS, kigawe kidogo cha shirika, aiache wazi wakati hesabu anaijua. Mwandikie istilahi 5 kwa siku, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, kisha afanye swali lile lile kwa lugha zote mbili. Sayansi ianze mapema, ndiko maneno yalikojaa.

Bi Mkubwa Kihonda: Na baba aambiwe kabla shule haijampigia.

Mama Wawili: Nimesoma yote, asanteni. Kwa hiyo Jumatatu nianze na Hisabati au na hizo istilahi?