Saa tatu za somo: zitolewe kwa mkupuo mmoja au zigawanywe?

Hoja iliyo mezani: chuo kinafundisha siku tano, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Somo la kawaida lina saa tatu kwa wiki, na kamati ya ratiba inataka zote tatu zitolewe siku moja. Mnasemaje?

Mratibu wa ratiba: Naunga mkono. Siku inakaa mikupuo mitatu: saa 2 hadi 5, 5 hadi 8, mapumziko ya saa moja, kisha 9 hadi 12. Ukumbi mmoja unabeba masomo 15 kwa wiki. Ukiruhusu kila idara igawanye 2+1 ipendavyo, yaani saa mbili siku moja na moja siku nyingine, kipindi cha saa moja kikitua saa 3 asubuhi, ile saa ya 2 hadi 3 inabaki yatima, maana hakuna kipindi cha saa mbili kinachoenea hapo. Mashimo ya namna hiyo yakizidi, masomo yanakosa nafasi na huku kumbi ziko tupu.

Mhadhiri wa hisabati: Mratibu, umehesabu kumbi, hujahesabu vichwa. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hushika kuliko yaliyorundikwa pamoja. Nadharia ikitolewa Jumatatu, Jumatano mwanafunzi anakuja ameshakwama kwenye mazoezi, na maswali yake yana maana. Halafu kuna sikukuu. Muhula wa wiki 15 ukipata sikukuu tatu za Jumatatu, somo la mkupuo wa Jumatatu limepoteza moja ya tano ya mafundisho yake.

Msimamizi wa maabara: Mkigawanya, maabara msiiguse. Dakika 20 za kupanga vifaa na 20 za kuosha zikitoka kwenye kipindi cha saa moja, jaribio linabakiwa na dakika 20. Tena maabara ya viti 24 ikipokea darasa la watu 96, hayo ni makundi manne, saa 12 kwa wiki kwa somo moja tu. Anayeiweka mwishoni kwenye ratiba hatapata pa kuiingiza.

Mratibu wa ratiba: Hoja ya sikukuu naikubali. Basi tuoanishe masomo: somo A lichukue saa mbili za kwanza za mkupuo wa Jumatatu na B saa ya tatu, Jumatano B ianze na mbili, A imalizie na moja. Mikupuo haipasuki na kila somo linapata siku mbili. Sharti ni darasa liwe lilelile, na wahadhiri wote wawili wapatikane siku zote mbili. Mhadhiri wa muda anayefika mara moja kwa wiki abaki na mkupuo.

Mwakilishi wa wanafunzi: Na anayerudia somo la mwaka wa kwanza akiwa mwaka wa pili? Somo la siku mbili lina sehemu mbili za kugongana badala ya moja. Kwake saa moja iliyogongana kila wiki ni tatizo lilelile.

Mhadhiri wa hisabati: Hilo ni kweli, na kuoanisha hakuliondoi. Masomo yanayorudiwa na wengi yabaki kwenye mkupuo, hata kama ni ya hisabati.

Mratibu wa ratiba: Basi yatajwe kutoka kwenye orodha ya usajili, si kwa kukisia. Yapangwe mara baada ya maabara, kabla ya jozi yoyote.