Repo mbili za programu moja: rekebisho la Arusha halifiki Kajiado

fundi_wa_risiti

Wakuu, salaam. Niende moja kwa moja, maana nimeshaaibika vya kutosha.

Nina programu ya mauzo ya maduka ya vifaa vya ujenzi, nimeiandika kwa PHP tangu 2021. Mteja wa kwanza yuko hapa Arusha. Mwaka jana nikapata wa pili, yuko Kajiado upande wa Kenya. Usiku nikiwa na haraka nikanakili folda nzima kwa flashi kutoka kompyuta ya ofisini, ambayo ni Windows, nikaiweka kwenye laptopu yangu ya Ubuntu. Nikafuta ile folda iliyofichwa ya .git (humo ndimo Git, programu inayotunza kila hatua ya mabadiliko, huweka historia) ili eti nianze safi, nikapiga git init, amri ya kuanza historia mpya. Leo nina repo mbili, yaani folda mbili zenye msimbo (maandishi ya programu) na historia yake: duka-tz na duka-ke, na karibu kila faili lina pacha wake upande wa pili.

Tofauti za kweli ni chache. VAT huku 18%, kule 16%. Huku risiti zinapita EFD, mashine ya risiti za kodi ya TRA (mamlaka ya mapato ya Tanzania), kule eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya). Huku tunakadirisha hadi shilingi nzima kwa sababu senti hakuna anayeiulizia, kule jumla inabaki na senti zake. Stoo, madeni ya wateja, ripoti za jioni, vyote ni vilevile.

Sasa kisa. Mwezi wa tatu mnunuzi wa Arusha alirudisha misumari robo kilo, programu ikaongeza kilo nzima stoo. Nikarekebisha mistari minne, nikalala vizuri. Mwezi wa sita napigiwa simu kutoka Kajiado: stoo inaonyesha misumari ya inchi nne kilo 61, wakipima kwenye mizani haifiki 20. Hitilafu ileile! Lile rekebisho nilikuwa sijalipeleka. Nimekuwa nikihamisha marekebisho kwa mkono, hili nakumbuka, lile nasahau, na sasa sijui kipi kiko wapi.

Mnawezaje kuziweka repo mbili za namna hii zikaenda sambamba? Naomba njia ambayo hata nikiwa nimechoka siwezi kuiharibu.

mzee_wa_terminali

Rahisi. Ingia duka-ke, itambulishe duka-tz kama chanzo cha mbali, vuta, unganisha:

git remote add tz ../duka-tz
git fetch tz
git merge tz/main

Kila Ijumaa unarudia mistari miwili ya mwisho. Kwisha habari.

fundi_wa_risiti

Mzee wangu, nimejaribu sasa hivi. Imenijibu hivi:

fatal: refusing to merge unrelated histories

Yaani inakataa kuunganisha historia zisizo na uhusiano. Nikaona mtandaoni kuna --allow-unrelated-histories ya kuilazimisha, nikaiweka. Karibu kila faili likaja na mgongano, yaani Git imeshindwa kuchagua mstari wa upande upi. Nimepiga git merge --abort kughairi, mikono ikitetemeka.

bi_matawi

Usiogope, hapo hujaharibu kitu. Acha nieleze kwa nini.

Git ikiunganisha matawi mawili (mikondo miwili ya kazi) hailinganishi vitu viwili, inalinganisha vitatu: chako, chao, na komiti (hatua iliyohifadhiwa kwenye historia) ya mwisho mliyokuwa pamoja. Ile ya tatu ndiyo inayoiambia nani amebadili nini. Mstari ukiwa tofauti kwako lakini kwao uko kama ulivyokuwa kwenye asili, Git inajua wewe ndiye uliyeugusa, inachukua wako bila kukuuliza. Wewe ulipofuta .git uliifuta hiyo asili. Kwa Git, duka-tz na duka-ke ni watoto wa wazazi tofauti waliofanana sura kwa bahati, kwa hiyo kila faili linalotofautiana hata kwa mstari mmoja linakuwa ugomvi.

Dawa ni kuwarudishia mzazi. Tafuta kwenye duka-tz ile komiti uliyoinakili usiku ule, tuseme ni 3f2a91c, kisha ndani ya duka-ke:

git merge -s ours --allow-unrelated-histories 3f2a91c

Hapo "-s ours" maana yake: andika kwenye historia kwamba tumeungana, lakini usiguse faili langu hata moja. Kuanzia hapo git merge tz/main itakuwa na asili ya kulinganishia. Angalizo moja kubwa: weka hiyo komiti ya zamani, USIWEKE tz/main, yaani tawi kuu la duka-tz lilivyo leo. Ukiweka tz/main utakuwa umeiambia Git kwamba marekebisho yote ya Arusha umeshayapokea, wakati hujapokea hata moja, na haitakuletea tena. Nimeshamwona mtu akitafuta kazi ya miezi miwili kwa kosa hilo.

kijana_wa_kitengela

Ngoja kidogo bi_matawi, kabla hajabonyeza. Ndugu, hiyo repo ya Kenya nani mwingine anaiona? Ukiunganisha hivyo, historia yote ya duka-tz inahamia ndani ya duka-ke, kila komiti tangu 2021, siyo faili za leo pekee.

fundi_wa_risiti

Eh. Mkataba wa Kajiado unampa mteja haki ya msimbo, na fundi wao ana akaunti ya kuisoma duka-ke. Na kwenye duka-tz, mwaka 2021, niliwahi kukomiti faili la .env (la mipangilio ya siri) lenye nywila ya hifadhidata ya Arusha. Nililifuta siku iliyofuata, lakini najua kwenye historia bado limo. Pia kuna bei za jumla za mteja wa kwanza, nilizitumia kujaribia. Kaka umeniokoa.

bi_matawi

Kweli kabisa, hilo nilipaswa kuliuliza mwanzo. Hiyo nywila ibadilishe leo, hata kama hakuna aliyeiona.

Basi tusilete historia, tulete picha tu, yaani faili zilivyo leo. Na wewe una bahati usiyoijua: komiti ya kwanza kabisa ya duka-ke ni nini? Ni duka-tz kama ilivyokuwa usiku ule wa flashi. Mzazi unaye tayari, humo humo ndani. Anzisha tawi kutoka kwenye hiyo komiti, tawi ambalo kazi yake ni moja: kupokea picha za duka-tz. Hulifanyii kazi nyingine yoyote.

git switch -c kutoka-tz $(git rev-list --max-parents=0 main)
git rm -rq .
git -C ../duka-tz archive main | tar -xf -
git add -A
git commit -m "Picha ya duka-tz"
git switch main
git merge kutoka-tz

git archive inatoa faili za komiti ya mwisho peke yake, bila historia. Mara ya pili unaanza na git switch kutoka-tz, mengine ni yaleyale. Kwenye ujumbe wa komiti andika namba ya komiti ya duka-tz uliyoipiga picha, itakusaidia siku ya kuulizana.

Na vitu vya Arusha tu, kama folda ya EFD, vizuie visisafiri. Kwenye .gitattributes (faili la maelekezo kwa Git) ya duka-tz weka "/efd export-ignore" na uikomiti kwanza, kwa sababu archive inasoma kilichokomitiwa.

Mwelekeo uwe mmoja. Rekebisho la wote linaandikwa duka-tz, linateremka duka-ke. Ukiligundua ukiwa Kajiado, funga faili, nenda kaliandike duka-tz.

mzee_wa_terminali

Mimi bado nauliza, kwa nini repo mbili? Kiwango cha kodi si msimbo, ni data. (Kiswahili chetu nacho, kodi ya TRA na "kodi" ya kompyuta, yaani msimbo, zimegongana jina. Nazungumzia ile ya TRA.) Kenya ilishusha VAT kutoka 16% hadi 14% tarehe 1 Aprili 2020, ikarudisha 16% tarehe 1 Januari 2021. Aliyekuwa na 0.16 imetapakaa kwenye msimbo alihangaika mara mbili ndani ya miezi tisa. Aliyekuwa na jedwali lenye kiwango na tarehe ya kuanza aliongeza mistari miwili, na risiti za zamani zikabaki na hesabu zake za zamani.

fundi_wa_risiti

Mzee, kwenye jedwali umenishika, 0.18 nimeikuta sehemu tano. Lakini kuwaweka wote repo moja mkataba hauniruhusu, kila mteja anaona cha kwake.

fundi_wa_risiti (siku tatu baadaye)

Mrejesho, maana huwa nachukia uzi unaoishia hewani.

Jaribio la kwanza la picha lilinikatisha tamaa. Nilitegemea mistari mia chache, git diff, amri ya kulinganisha, ikaniambia kila mstari wa kila faili umebadilika. Nikafungua faili la ripoti pande zote mbili, nikasoma neno kwa neno, sioni tofauti. Kumbe iko mwishoni mwa mistari, mahali jicho halifiki: Windows ya ofisini inamaliza mstari kwa alama mbili, Ubuntu kwa moja. Usiku ule niliponakili kwa flashi nilibeba zile alama za Windows na kuzikomiti hivyohivyo. Nikajaribu

git diff --ignore-cr-at-eol main kutoka-tz

na kelele yote ikanyamaza, zikabaki tofauti za kweli. Basi nikaweka "* text=auto" kwenye .gitattributes pande zote mbili, faili ileile. Kwenye main ya duka-ke nikapiga git add --renormalize . na kukomiti. Halafu nikaunganisha kwa

git merge -Xrenormalize kutoka-tz

ambayo inazisawazisha alama hizo pande zote tatu kabla ya kulinganisha, pamoja na yule mzazi wa flashi.

Migongano ilikuja saba. Mitano ni zile 0.18 na 0.16, sehemu zilezile tano, na zote sasa zinasoma jedwali la Mzee. Mmoja ni jina la mteja kwenye kichwa cha risiti, lilikuwa limeandikwa ndani ya msimbo, aibu yangu. Wa saba ndio ulionikalisha: kadirisha(). Arusha nilikuwa nimeongeza hesabu ya punguzo ndani yake, Kajiado nilikuwa nimebadili round($jumla) kuwa round($jumla, 2). Ningechagua upande mmoja kwa haraka, ama senti za Wakenya zingepotea ama punguzo la Arusha lisingefika. Nimeitoa idadi ya desimali nikaiweka kwenye mipangilio, 0 huku na 2 kule, na kadirisha() sasa ni moja.

Nimewasha pia rerere (git config rerere.enabled true) ili mgongano nilioutatua mara moja usinisumbue ukijirudia. Sijaiona ikifanya kazi bado.

Leo asubuhi nimewapigia Kajiado. Nikamwomba mtunza stoo ahesabu upya, aweke idadi sahihi, kisha auze robo kilo na kuirudisha mbele yangu kwenye simu. Ikapungua 0.25, ikaongezeka 0.25. Akaniuliza zile kilo 40 na ushei za misumari hewa azifungulie faili gani kwenye hesabu za mwaka. Hapo sasa nahitaji mhasibu, kama yupo humu ajitokeze.