Ulinganisho: X1 Carbon Gen 13, MacBook Air M4 au T14s ya Snapdragon kwa anayebeba laptopu kutwa

Mkaguzi_Safarini:
Wakuu habari za leo. Naomba mawazo yenu maana natakiwa kutoa jibu wiki hii. Kazi yangu ukaguzi wa hesabu, siku nyingi niko kwa wateja, leo ghorofa ya tano kesho ghalani nahesabu mzigo, na mashine ninayobeba sasa ina kilo mbili na ushee bila chaja, bega la kushoto linauma mpaka usiku. Ofisi imeniambia chagua moja kati ya hizi tatu: ThinkPad X1 Carbon Gen 13, MacBook Air ya M4 ya inchi 13, au ThinkPad T14s Gen 6 ile yenye prosesa ya Snapdragon. Hiyo X1 nimeachiwa siku nne niijaribu, hizo mbili nimezishika kwa wenzangu tu, saa moja moja.

Sasa X1. Aisee ni nyepesi. Toleo jepesi kabisa lina gramu 986, na kwa kuwa kifuniko ni cha nyuzi za kaboni hata ukiishika pembeni kwa mkono mmoja ikiwa imefunguliwa haijikunji. Jana nimezunguka nayo ghalani nikiwa nimeilaza mkononi kama daftari, mkono wa pili unaandika idadi, kitu ambacho na hii yangu ya zamani nisingethubutu. Kibodi ndiyo imenikamata zaidi. Vitufe vinashuka milimita 1.5, unavisikia vidoleni, nimeandika ripoti ya kurasa kumi bila kurudi nyuma kufuta makosa kila mstari. Kioo ni OLED inchi 14, herufi ndogo za jedwali zinasomeka vizuri sana. Matundu ya kuchomeka yapo ya kutosha: USB kubwa mbili, HDMI, na Thunderbolt mbili (USB-C za kasi), kwa hiyo projekta ya mteja nachomeka tu.

Ambacho bado sijakielewa ni betri. Ina Wh 57 (wati-saa, kipimo cha umeme inaoubeba), siku ya kwanza ilinifikisha jioni, siku ya pili saa nane mchana ikawa inaomba chaji, na kazi ilikuwa ile ile ya majedwali. Mwenye kujua anisaidie. Na je hizo nyingine mbili zinaipita?

DadaJedwali:
Kaka pole na bega. Kuhusu betri, angalia ulikuwa na mwanga gani siku hiyo ya pili. OLED kila nukta inajiwakia yenyewe, ikionyesha nyeusi inazima, ikionyesha nyeupe inakula umeme, na sisi watu wa majedwali kutwa tunatazama karatasi nyeupe tupu. Ukipandisha mwanga kwa sababu uko karibu na dirisha basi ndiyo unaimaliza. Weka mandhari nyeusi kwenye Excel, shusha mwanga, halafu punguza kasi ya kioo kujichora upya kutoka mara 120 kwa sekunde iende 60. Mimi nilifanya hivyo kwenye ya kwangu na tofauti niliiona siku hiyo hiyo.

Ila swali langu kwako ni moja, hiyo uliyopewa ina ram (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB ngapi? Kwa sababu hizo prosesa za Intel za Core Ultra 200V zimewekwa ram humo humo pembeni ya prosesa, kifurushi kimoja, ni 16 au 32 basi, hakuna kuongeza baadaye hata uende kwa fundi gani.

Fundi_Bisibisi:
Hapo DadaJedwali kagusa penyewe. Mimi natengeneza mashine na nawaambia kila siku, ukinunua nyepesi unanunua na ram yake ya maisha. X1 haiongezeki, Air haiongezeki, T14s hiyo nayo imechomelewa kwenye bodi. Diski ya X1 angalau unaweza kubadilisha, ni kadi ya M.2 ya kawaida ya kuchomeka, lakini Air hata diski imechomelewa, ikijaa utaishi na diski ya nje.

Mkuu kwa nini ofisi haijaweka T14 ya kawaida kwenye orodha? Gen 5 ina nafasi mbili za ram unachomeka mwenyewe mpaka 64, na iFixit, wale wanaofungua vifaa na kuvipima, waliipa 9 kati ya 10 kwa urahisi wa kuitengeneza. Uzito kilo 1.3 na kitu. Hizo gramu mia tatu na ushee za ziada ni kama chupa ndogo ya maji, na miaka mitano ijayo utakuwa bado unaitumia.

Mkaguzi_Safarini:
Fundi nakuelewa na hoja yako ina uzito, lakini T14 haipo kwenye mkataba wa ofisi na wauzaji wao, nimeshauliza. Halafu hizo gramu kwangu si ndogo, mimi natembea na faili za mteja, mihuri, kikokotoo na hiyo laptopu, kila kinachopungua nakisikia. DadaJedwali, niliyopewa ni ya 16. Nikifungua daftari la leja la mwaka mzima pamoja na kikao cha vidio na kurasa za brauza, kila ninapohama dirisha inasita.

Kalamu_Nyeusi:
Mimi nina Air ya M4 mwezi wa tatu sasa, naandika ripoti na kuhariri. Kwa betri sijaona mfano wake, naitoa nyumbani bila chaja na sina wasiwasi. Haina feni kabisa, kwenye kikao kimya huisikii. Uzito ni kilo 1.24 kwa hiyo hapo X1 inaishinda kwa robo kilo, ila kuna jambo watu hawalihesabu. Air ina matundu mawili tu ya Thunderbolt pamoja na lile la chaja ya sumaku. Ukitaka HDMI au USB kubwa unabeba adapta, na adapta ni uzito, na ni kitu cha kusahau mezani kwa mteja. Kibodi yake ni nzuri ila vitufe vinashuka kidogo sana, ukiizoea hiyo ya X1 utaona hii kama unagonga meza.

Ila wewe mkaguzi, je unatumia Power Pivot, ile sehemu ya Excel ya kuunganisha majedwali makubwa? Kwa sababu kwenye Excel ya Mac haipo. Ulizia hilo kabla ya kitu kingine.

Mkaguzi_Safarini:
Natumia kila wiki! Leja zote naziunganisha humo. Asante sana ndugu, hakuna aliyeniambia hili.

Mtandao_Mpana:
Basi Air imetoka, tuzungumze T14s. Nipo kitengo cha tehama mahali fulani na tumegawa hizi za Snapdragon kwa watu kadhaa. Betri ya Wh 58 inakwenda mbali sana, na mashine ikiwa kwenye begi imelala haipotezi chaji, unafungua asubuhi inawaka hapo hapo na asilimia ni zile zile. Programu za kawaida zilizoandikwa kwa Intel Windows inazitafsiri yenyewe, nyingi huoni tofauti. Tatizo ni draiva, zile programu ndogo zinazoendesha kifaa unachochomeka. Draiva haitafsiriwi, lazima iwe imeandikwa kwa ARM, yaani aina ya prosesa ya hiyo Snapdragon, kwa hiyo printa za zamani, baadhi ya programu za VPN (za kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje), na vile vifunguo vya USB vya leseni ambavyo bila kuvichomeka programu haifunguki vinaweza kugoma kabisa. Sisi tulirudisha tatu kwa sababu ya kifunguo cha programu ya uhasibu, mashine nzima ilikuwa sawa, kifunguo kikawa hakionekani tu.

Kwa hiyo usiulize watu, chukua vifaa vyako vyote unavyochomeka katika mwezi mzima, nenda navyo kwa huyo mwenzako mwenye T14s, chomeka kimoja kimoja.

DadaJedwali:
Hii ya kuchomeka kimoja kimoja ifanye hata kwenye X1 kabla hujarudisha. Na mkazoeane na kitufe cha Ctrl, kama unatoka ThinkPad za zamani utakuta wamebadilishana na Fn, sasa Ctrl ipo pembeni kabisa. Siku mbili za kwanza nilikuwa nanakili vitu havinakiliki.

Mkaguzi_Safarini:
Kumbe ndiyo maana! Nilidhani kitufe kibovu.

Fundi_Bisibisi:
Nyongeza kuhusu uzito. Chaja inayokuja na mashine na waya wake inaweza kuongeza kama robo kilo, halafu unasema laptopu ina gramu 986. Zote tatu zinakubali chaji ya USB-C, kwa hiyo tafuta chaja ndogo ya GaN (teknolojia inayofanya chaja iwe ndogo) ya wati 65 ichaji na simu humo humo, hapo utakuwa umepunguza kweli. Pawabenki nayo isome vizuri, ya mAh 20,000 ni kama Wh 74 na ikipoteza njiani inajaza betri ya X1 mara moja tu, na hakikisha inatoa wati 45 kwenda juu la sivyo mashine itaikataa au itachaji kwa kusuasua. Kwenye ndege mwisho ni Wh 100 bila kuomba ruhusa. Na betri yenyewe, kama siku nyingi unashinda mezani umechomeka, weka kikomo cha asilimia 80 kwenye mipangilio, itadumu zaidi.

Mkaguzi_Safarini:
Wakuu narudi na majibu. Nimefanya alivyosema Mtandao_Mpana. T14s imesoma karibu kila kitu, skana imesoma, printa ya ofisi imetoa karatasi, lakini kifunguo cha programu yetu ya ukaguzi hakikuonekana, na mtu wa tehama amethibitisha draiva yake ya ARM hakuna. Iliniuma maana ile mashine nimeipenda, mchana kutwa ilishuka asilimia thelathini tu.

X1 nimeweka mandhari nyeusi na kioo 60, leo imefika saa kumi na moja jioni ikiwa na asilimia 22, kazi ile ile. Kwa hiyo nimeandika barua naomba X1 ila ya ram 32. Wameniambia iliyopo stoo ni ya 16, ya 32 ni mpaka iagizwe, wiki tatu au nne. Nimesema nitasubiri. DadaJedwali, kama una orodha ya mipangilio mingine uliyobadilisha kwenye ya kwako niwekee hapa, nikiipokea nianze nayo siku hiyo hiyo.

DadaJedwali:
Nakuandikia kesho nikiwa mbele ya mashine yenyewe. Usiku huu begi beba la mgongoni, mabega yote mawili.