Mjadala: Kinachoipandisha Tour de France katika nchi ni bingwa wa nyumbani au runinga ya bure?

Spoku36 (mleta mada)

Wakuu, kila Julai inarudi kauli ileile kwamba Tour de France, mbio za baiskeli za kuzunguka Ufaransa, inatazamwa na watu bilioni 3.5 katika nchi 190, na sisi wa Dar ndio tumebaki gizani. Namba hiyo si ya vichwa, ni jumla ya mara watazamaji walipohesabiwa. Mbio zina hatua 21, yaani kila hatua ni mbio za siku moja, ndani ya siku 23, kwa hiyo anayewasha runinga kila siku anahesabiwa mara 21, na wapangaji 1,000 wa mtaa mmoja wanageuka 21,000. Tuiweke kando.

Hoja yangu ni hii: bingwa wa taifa si injini. Injini ni picha ya bure na mbio za nyumbani zenye mizizi. Ufaransa haijatoa mshindi tangu Bernard Hinault mwaka 1985, Uholanzi tangu Joop Zoetemelk mwaka 1980, Ubelgiji tangu Lucien Van Impe mwaka 1976. Hata hivyo kona ya 7 ya mlima wa Alpe d'Huez bado inajaa Waholanzi waliovaa rangi ya chungwa, na Wafaransa wanapanga viti vya plastiki kando ya barabara tangu asubuhi. Geuza upande wa pili: Chris Froome kazaliwa Nairobi, kafunzwa na mwendesha baiskeli Mkenya David Kinjah, kashinda mara nne (2013, 2015, 2016, 2017). Kenya ilibaki nchi ya riadha. Bingwa angekuwa anatosha, Nairobi ingesimama kila Julai.

Jezi ya Njano

Mkuu, huo mfano wa Froome umeuchagua kwa hila. Leseni yake ya mashindano ilihamia Uingereza tangu 2008, na bendera iliyopanda jukwaani Paris haikuwa ya Kenya. Anayehesabiwa hapo ni Mwingereza, na Uingereza inakukatalia: Bradley Wiggins alishinda 2012, miaka miwili baadaye hatua za kwanza za Tour zikapelekwa Yorkshire, Uingereza, na watu walijaa mpaka njia ikabaki upenyo wa baiskeli mbili tatu.

Slovenia ina watu milioni 2 na ushei, wachache kuliko Dar yetu. Mwaka 2020 Tadej Pogačar na Primož Roglič wakashika nafasi ya 1 na ya 2 kwenye Tour. Hadi mwisho wa 2025 Pogačar alikuwa na Tour nne, na Roglič alikuwa na Vuelta (mbio kubwa za Hispania) nne na Giro (za Italia) moja. Kabla yao nani alikuwa anaitaja nchi hiyo kwenye baiskeli? Marekani nako Greg LeMond alifungua mlango, Lance Armstrong akaujaza uwanja, akavuliwa mataji 7 mwaka 2012, uwanja ukapoa. Bingwa akiondoka, watu wanaondoka.

Binti Tandika

Kaka Jezi, Marekani unaisoma nusu. Kilichowaondoa watu ni aibu ya dawa za kuongeza nguvu, si kukosa mshindi tu. Tazama Ujerumani. Jan Ullrich alishinda 1997 na nchi nzima ikashika mbio. Julai 2007 kipimo cha mwendesha baiskeli Patrik Sinkewitz kikatoka na dawa, na ARD na ZDF, mashirika ya runinga ya umma, yakakata matangazo mbio zikiwa katikati. Baadaye miaka ya 2012 hadi 2014 hayakurusha kabisa moja kwa moja. ARD ikarudi 2015. Nchi ileile, barabara zilezile, watengenezaji baiskeli walewale, na vijana wenye uwezo wa kushinda hatua walikuwepo. Kilichokosekana ni picha sebuleni.

Na Uingereza mnayoisifia inaingia kwenye mtihani huohuo sasa hivi: kuanzia 2026 haki za Tour zimetoka chaneli ya bure zikaenda kwenye chaneli ya kulipia. Tuiangalie kwa miaka mitatu, tutajua nani mkweli.

Jezi ya Njano

Dada, na Italia je? RAI, runinga ya umma, inaonyesha Giro bure, mbio zipo tangu 1909, mizizi ipo. Lakini tangu Vincenzo Nibali ashinde Giro 2016 hakuna Mwitaliano aliyeishinda tena, na malalamiko ya kwamba vijana wameihama baiskeli hayaishi kule.

Mzee wa Gia

Nyote mnabishana juu ya runinga kana kwamba baiskeli ilianza na runinga. Tour ilianza 1903 kwa sababu gazeti la L'Auto lilitaka kuuza nakala. Giro ililetwa na La Gazzetta dello Sport, na rangi ya pinki ya jezi ya anayeongoza ni rangi ya karatasi ya gazeti hilo. Vuelta ya 1935 nayo ni ya gazeti. Colombia wao walibebwa na redio: Vuelta a Colombia ya kwanza ilikuwa 1951, watangazaji wakiifuata milimani na watu vijijini wakisikiliza. Lucho Herrera alishinda Alpe d'Huez mwaka 1984, Egan Bernal akaleta Tour ya kwanza mwaka 2019. Hesabuni: miaka 68 ya mapenzi kabla ya jezi ya njano, ile ya mshindi wa Tour, kufika. Kwa hiyo Jezi, bingwa kwao ni matunda.

Eritrea ndiyo ya kutazamwa zaidi kwa sisi wa huku. Asmara iko mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, Waitalia waliacha barabara na mchezo, na mbio za kuzunguka nchi zilifanyika mara ya kwanza 1946. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot akavaa jezi ya madoa mekundu ya wapanda milima. Mwaka 2024 Biniam Girmay akashinda hatua tatu na jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Hawana mshindi wa jumla hata mmoja, na Asmara mbio za mtaani zinajaza watu kama mechi ya watani wa jadi.

Spoku36

Umenisaidia, Mzee. Niongeze Rwanda: Tour du Rwanda ipo tangu 1988, hatua nyingi zinaanzia au kuishia Kigali, na hakuna kiingilio barabarani. Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, wakamaliza 30 tu, Pogačar akashinda. Hakuna Mnyarwanda aliyekaribia jukwaa, na kuta za Kigali zilijaa watu wameparamia mpaka miti.

Kibanda Temeke

Tuongee biashara, maana mnapaa. Dar hatua inaanza mchana, saa saba au saa nane, na mwisho wake mara nyingi ni saa kumi na mbili hadi kumi na mbili na nusu jioni. Kiingilio cha kibanda umiza kinalipwa kwa mechi. Mechi pamoja na mapumziko haifiki muda wa saa mbili. Benchi linafagiwa, watu wapya wanaingia. Ndani ya saa 5 za hatua ya mlimani ningeuza viingilio viwili na nusu vya mpira. Nani atanifidia? Na picha yenyewe iko kwenye king'amuzi cha kulipia, kifurushi ambacho wengi hawanunui kwa ajili ya baiskeli. Julai ligi imesimama, sawa, lakini Dar ya Julai inakula usajili wa Simba na Yanga.

Kona ya Saba

Mkuu Kibanda, kosa ni kuonyesha hatua nzima. Hatua ya tambarare washa kilomita 15 za mwisho: kundi linakwenda karibu kilomita 50 kwa saa, unamaliza ndani ya dakika 20. Hatua ya mlima anza kilomita 40 za mwisho, yaani saa moja na robo hivi. Mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa washa kumi wa mwisho kuondoka, kwa kuwa wenye nafasi nzuri huanza mwisho.

Kinachomkimbiza mtazamaji mpya ni kutoelewa, si urefu. Anaona mtu kashinda hatua halafu jezi ya njano anavaa mwingine, anasema wizi. Mwelezeni mambo manne kabla ya kuwasha. Kwanza, jezi ya njano ni ya mwenye jumla ndogo ya muda tangu siku ya kwanza. Kijani ni pointi, madoa mekundu ni milima, nyeupe ni kijana bora. Pili, mstarini kuna zawadi ya sekunde 10, 6 na 4 kwa watatu wa kwanza, isipokuwa kwenye mbio dhidi ya saa. Tatu, ukianguka ndani ya kilomita 3 za mwisho za hatua ya tambarare unapewa muda wa kundi ulilokuwa nalo. Baadhi ya hatua wanaongeza hadi 5. Nne, kuna kikomo cha muda, na ukikizidi unarudi nyumbani hata kama hujaumia. Bila haya manne hata chaneli ikiwa bure watahama.

Jezi ya Njano

Naona mmeungana. Basi nijibuni: Kanda ya Ziwa, Mwanza, Shinyanga, Simiyu, mbio za baiskeli zipo, watu wanashindana na Phoenix za kilo karibu 20 zisizo na gia, wakati sheria ya kimataifa inaruhusu baiskeli ya kilo 6.8. Mizizi ipo. Mbona hakuna anayejua Tour?

Mzee wa Gia

Kwa sababu hakuna ngazi katikati. Mtu anatoka Phoenix anaangalia Alps, hapati daraja. Eritrea na Rwanda wana mbio za ngazi ya kimataifa nyumbani, kijana anamwona aliyemfunga Jumapili yuko Ulaya mwaka unaofuata. Hapo ndipo Tour inakuwa habari ya mtaani.

Binti Tandika

Na wanaokuja na wazo la Dar hadi Mwanza kwa hatua waanze na Barabara ya Morogoro. Malori ya Zambia na Kongo yanapita hapo. Ukiifunga nusu siku foleni inashika Chalinze. Kufunga kwa kusogea kunawezekana: pikipiki za polisi zinatangulia dakika 15 hadi 20, kundi linapita, gari la kufagia, yaani la mwisho linalowaokota waliobaki, linafunga nyuma, barabara inafunguliwa. Inafanya kazi kundi likiwa moja. Likikatika na wa mwisho wakiwa dakika 25 nyuma, ama unawaondoa mbioni ama unawaacha na malori. Halafu zile rasta na matuta ya kila kijiji: mtu wa 60 kwenye kundi haoni tuta, anaona mgongo wa aliye mbele.

Isitoshe, mbio za kutoka mji hadi mji zinampa mtazamaji kitu kidogo. Watu 170 kwenye mita 200, mwendo wa kilomita 45 kwa saa, wanakupita kwa sekunde 16. Wafaransa wanasubiri saa nzima kwa sababu msafara wa matangazo, ulioanza 1930, unatangulia na kurusha kofia na biskuti. Kigali walitumia mzunguko wa kilomita 15, mtu akasimama palepale akaona mbio zaidi ya mara kumi.

Kona ya Saba

Naunga mkono mzunguko. Barack Obama Drive, Daraja la Tanzanite, Masaki, kurudi kwa Ali Hassan Mwinyi. Jumapili, waondoke saa 12:30 asubuhi, wamalize kabla ya saa 3, jua halijakomaa na ibada hazijajaza magari. Uzio mita 300 za mwisho pande zote mbili, mtu mwenye bendera na filimbi kila mchepuko, hata wa geti la nyumba. Redio moja iwe na mtangazaji juu ya bodaboda.

Mzee wa Gia

Upepo wa baharini darajani unakuja ubavuni. Kundi litajipanga mshazari, na upana wa njia ukiisha aliyebaki nje ya mstari anakatika. Msiweke mstari wa mwisho pale. Na kabla ya kutangaza zawadi, mtu apite kwa miguu njia nzima akague mifuniko ya mifereji: ile yenye matundu yanayokwenda sambamba na barabara inameza tairi la milimita 28 lote. Izungusheni au iwekeeni bati juu, mipigo miwili ya rangi ya njano mita 50 kabla.