Re: Kuprinti vipuri vya plastiki, filamenti au rezini?

> Jamani habari zenu. Kishikio cha gurudumu la trei kwenye mashine ya kuoshea vyombo kimevunjika, na kukinunua peke yake haiwezekani, wanakuuzia trei nzima. Nimeamua nikiprinti kwa printa ya 3D. Nichukue printa ya filamenti (uzi wa plastiki unaoyeyushwa) au ya rezini (plastiki ya maji inayogandishwa kwa mwanga)? Naona vya rezini vinatoka visafi zaidi. Halafu wenzetu kadhaa wana shida hiyo hiyo, naweza kuwatengenezea?

Salama kaka. Huo usafi wa rezini usikuzuzue. Ni kweli tabaka lake ni milimita 0.05 hivi wakati filamenti mara nyingi ni 0.2, lakini kipuri kinachokaa ndani ya mashine nani atakitazama? Rezini ya kawaida ni ngumu ila haipindi, ukibana klipu ya hicho kishikio iingie mahali pake inakatika tak. Halafu kuprinti kukiisha ndo kazi inaanza, uoshe na isopropanoli (aina ya spiriti), ukaushe kwa taa ya UV, glavu muda wote maana rezini mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara mwili unaanza kuikataa na ukishafika hapo harudi mtu nyuma, na wewe unakaa chumba kimoja madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi... mi sikushauri.

Chukua filamenti. Printa zake zilianza kushuka bei hataza ya kampuni ya Stratasys ilipoisha 2009, na sasa hivi hata baadhi ya maktaba za umma zinazo, kwa hiyo ulizia kabla hujatoa hela. Ila kwenye aina za filamenti, PLA iache, ni rahisi kuprinti lakini inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi na maji ya mashine ya vyombo yanafika huko. PETG inavumilia mpaka karibu na 80 na haina usumbufu mwingi. ABS inafika kama 105, sema inasinyaa ikipoa, pembe zinanyanyuka, inataka printa iliyofunikwa pande zote na inanuka.

Kitu ambacho watu wanakipita juu juu ni namna ya kukilaza. Tabaka linakaa juu ya tabaka na pale yanaposhikana ndo padhaifu, sasa ukiusimamisha wima ule mkono mwembamba wa klipu, ukiupinda kidogo tu unapasuka kwenye mshono, hata ungetumia plastiki ghali namna gani. Ulaze ubavu, plastiki ifuate urefu wa mkono. Pengine itakulazimu uweke saporti, yaani vijiti vya kushikilia sehemu zinazoning'inia, utazibandua baadaye. Tundu la ekseli liongeze milimita 0.2 au 0.3 kuliko ekseli yenyewe, vinginevyo gurudumu halizunguki. Ukitaka nguvu ongeza kuta, ziwe nne hivi, kabla hujahangaika na ujazo wa ndani, yaani plastiki inayojaza katikati ya kipuri.

> Asante sana kaka. Na vikiwa ishirini? Vikifika mia?

Ishirini printi mwenyewe, iache ifanye kazi usiku. Ila ipange ikimaliza kimoja ndo iende kingine, maana ukivijaza vyote kwenye sahani ya printa kwa pamoja kimoja kikibanduka kinaweza kuharibu hata majirani zake.

Mia hapo nenda kwenye unga wa nailoni, PA12. Leza inayeyusha unga tabaka kwa tabaka, au ile njia ya HP ya 2016 inayonyunyiza wino halafu inapitisha taa za joto. Unga ambao haujaungana ndo unaobeba kipuri kwa hiyo saporti hazihitajiki, wanavipanga mpaka juu ya vingine kisanduku kijae, na nguvu yake inakaribiana pande zote. Mashine yenyewe si ya kuweka nyumbani, unatuma faili kwa wanaoprinti kibiashara, na vipuri vidogo vinatoka kwa bei nzuri kwa sababu havili nafasi. Usitegemee tu ishuke sana kila ukiongeza idadi, unga unaobaki unachakazwa na joto, lazima wauchanganye na mpya. Mold za kumimina plastiki zisahau mpaka uwe na oda ya maelfu.

Kwanza jaribu kimoja cha PETG kwenye trei. Kikikaa sawa ndo uagize vya unga, navyo usiagize vyote, agiza viwili vitatu upime lile tundu upya maana unga unapenda kuganda mle ndani. Ekseli yako ni ya chuma au plastiki? Nitumie kipimo chake nikutazamie hiyo nafasi.